Mkazi wa Kirwani

Jumapili, 28 Julai 2002

Mkazi: fasili. Kwa madhumuni ya sensa, mtu huhesabiwa mahali alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Si alikozaliwa. Si alikojenga. Si anakotamani kuzikwa. Aliyelala gesti huhesabiwa gesti. Fasili hii ni finyu, na ufinyu wake ndio ubora wake: kila mtu ana mwili mmoja, na mwili mmoja hulala mahali pamoja.

Nimeanza na hiyo kwa sababu Godlove, afisa mtendaji wa mji wetu mdogo, alikuja leo baada ya ibada. Anataka nimwandikie sura ya jiografia na idadi ya watu katika kitabu cha maelezo ya Kirwani. Ofisini hana mtu wa kuiandika. Alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayekuja kuposa.

"Mwalimu, umefundisha jiografia chuoni maisha yako yote. Utatuangusha kweli?"

Nikamwambia siangushi mtu, ila siandiki nisichokipima. Akacheka. Alidhani ni mzaha.

Anachotaka kinaeleweka. Sensa ya 1988 iliikuta Kirwani ikiwa vibanda na kivuko cha mawe. Leo kuna soko, mashine za kusaga, gesti tatu, malori yanayoshindwa kugeuza. Hesabu ikipanda vya kutosha, mji utakuwa na hoja ya kuomba kituo cha afya. Kwa sasa mgonjwa anapelekwa hospitali ya Mawenzi, Moshi, na barabara haichagui mgonjwa. Mwezi wa tano mama mmoja alijifungulia njiani, kabla ya Holili. Mtoto hakuishi.

"Hesabu ndiyo hoja yetu," alisema Godlove. Hapo tuliafikiana.

Jioni nimekula ndizi za jana. Redio haina betri. Kaya ya mtu mmoja — dodoso lina nafasi yake pia.


Jumatano, 31 Julai

Nimetembea kando ya Mto Marwe, kutoka darajani hadi kigingi cha mpaka wa Kenya. Maelezo kwa ajili ya sura:

Mto unatoka msituni, juu ya migomba na mibuni, unashuka kwa kelele, na kufika huku ukiwa mpana na mchovu. Watu husema mto ndio mpaka. Sivyo. Mpaka ni mstari ulionyooka kutoka kigingi hadi kigingi. Mto ulitokea tu kupita jirani yake. Mvua za El Niño ziliusukuma mto upande wetu. Kati ya mkondo mpya na vigingi kimebaki kipande cha mchanga na migunga. Kipande hicho ni Tanzania. Hivyo mtu hukunja suruali, akavuka maji akitoka Tanzania kwenda Tanzania, na askari wa pande zote mbili humtazama wasijue wamuulize nini.

Makaburi yalikuwa hapo. Hayakuwa mengi: wafanyabiashara wasio na ndugu wa karibu, watoto wachanga, dereva mmoja. Mto uliyachukua katika wiki moja ya mwaka 1998. Hili halitaingia kwenye sura. Lakini ndilo jambo moja la jiografia ambalo kila mtu wa Kirwani analijua bila kufundishwa.

Jirani yangu Ruth alikuwa kivukoni anafua mitumba yake kabla ya gulio. Ananunua marobota ng'ambo, anauza huku. Chumvi ananunua huku, anauza ng'ambo.

"Mwalimu, unapima nini tena? Mto wenyewe haujui unakokwenda."

Nikamwuliza yuko hapa tangu lini. Akanyoosha mgongo.

"Tangu kahawa ilipokufa."

Nimekipata kifungu cha pili. Wanunuzi binafsi wa kahawa waliporuhusiwa, watu walishangilia. Kisha bei ikaanguka, wakang'oa mibuni, na vijana wakashuka mtoni kutafuta cha kubeba. Idadi ya watu wa Kirwani ni bei ya kahawa iliyopinduliwa kichwa chini. Sentensi nzuri mno, itabidi niipunguze.

Nilipokuwa naondoka Ruth aliniita. "Ila mwalimu, mimi nikifa nipandishwe mlimani. Hata kwa toroli. Msiuachie mto mwili wangu."


Jumapili, 4 Agosti

Nimepanda mlimani, Kilema, kumwona Mama.

Anaona vivuli tu sasa, lakini akili yake haijapoteza hata ukurasa. Alinitambua kwa hatua. "Theodora, bado unavaa viatu vya wanaume." Ni vya shule.

Mdogo wangu Sirili alikuwa amerudi kutoka misa. Yeye ndiye kitinda mimba. Kwa desturi kihamba cha baba, shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, ni chake, na Mama yuko chini ya paa lake. Mkewe, Gladys, alipika kiburu cha ndizi, akaniwekea maharage mengi kama ninavyopenda. Mambo madogo ya aina hii hunichanganya. Mtu asiyekutaka haweki maharage mengi.

Baada ya kula nilikwenda nyuma ya zizi. Pale kuna kipande kitupu, kinachoishia kwenye mstari wa masale ambayo babu aliyapanda kuonyesha mwisho wa kihamba. Nimekiomba kwa miaka minne sasa, tangu nilipostaafu. Chumba kimoja, na baadaye, hapo hapo, mahali pa kulazwa. Siombi umiliki. Nimeisoma sheria mpya ya ardhi, kifungu kwa kifungu, na najua mwanamke amepewa nini. Lakini sheria humpa mtu ardhi. Nyumbani hupewi na sheria.

Sirili hajawahi kunikatalia. Anasema "tutaongea, dada." Angekataa, ningempinga kwa hoja. "Tutaongea" haina pa kushika.

Ndiyo maana niko Kirwani. Huku kiwanja kiliuzwa kwa yeyote mwenye nia. Hakuna aliyeniuliza mimi ni binti wa nani wala nimeolewa wapi. Nilifurahi wakati ule. Sikujua kwamba swali hilo, mtu akikaa muda mrefu bila kuulizwa, huanza kulitamani.

Wakati wa chai Mama alisema, "Hiyo siku ya kuhesabiwa, utalala hapa."

Nikamweleza. Serikali haihesabu watoto wa mtu, nikasema. Inahesabu watu pale walipolala.

"Basi lala."

"Mama, mimi naishi Kirwani. Nitadanganya hesabu."

"Nimezaa sita. Wamebaki watatu. Mmoja yuko Mwanza. Nikisema nataka wawili wahesabiwe nyumbani kwangu, nimedanganya nani?"

Nilimtazama Sirili. Alikuwa anatazama kikombe chake. Hakusema njoo. Hakusema usije. Angesema njoo, dada, hata kwa sauti ya chini, ningekuja. Kanuni ingetafuta pa kujificha. Ni vizuri kulijua hilo juu yangu.

Nilichungulia chumba cha nyuma kabla ya kuondoka. Kitanda changu cha usichana kimebeba magunia ya mahindi.


Jumamosi, 10 Agosti

Mkutano wa hadhara sokoni. Godlove alinipa nafasi ya kueleza sensa. Nilieleza vizuri — naandika hivi bila majivuno, maana ubora wa maelezo ndio ulioleta madhara.

Nilisema: hakuna kodi ndani yake. Hakuna ardhi ndani yake. Mtu huhesabiwa mara moja, mahali alipolala. Nilirudia mara mbili, polepole, kama darasani.

Eliufoo, mwenye bucha, alisimama, aproni yake bado ina damu.

"Shikamoo mwalimu. Nina swali la kitoto."

"Marahaba. Uliza."

"Usiku huo nikilala kwa baba, Mwika, nahesabiwa wapi?"

"Mwika."

"Hata kama bucha iko hapa, mke yuko hapa, na madeni yote yako hapa?"

Watu wakacheka. Sauti ya nyuma ikasema, "Madeni yatakuhesabu wewe, Eliufoo, popote ulipo."

"Hata hivyo," nikasema. "Ulipolala."

"Asante sana mwalimu. Sasa nimeelewa."

Akaketi, na nikaona vichwa vikigeukiana. Watu wakaanza kunong'onezana safu kwa safu, wakiwa wametulia, kama watu waliotatuliwa shida. Nikadhani ni uelewa. Ulikuwa uelewa.

Nilijibu swali aliloliuliza. Sikujiuliza anaulizia nini.


Jumatano, 14 Agosti

Sura inakwenda. Nimemaliza udongo na mvua. Nimekwama kwenye "watu".

Ruth alileta mkaa. Anasema wote wanapanda Jumamosi ya kuamkia sensa. Wote? "Wenye pa kupanda, mwalimu." Imeenea kwamba atakayehesabiwa mtoni ndugu zake watamwambia kwao ni mtoni, hana tena fungu mlimani. Nikamwambia sensa haina uhusiano wowote na vihamba. Akaniangalia kwa huruma, na huruma ile sikuipenda.

"Mwalimu, wewe ulisema mtu ni pale alipolala. Sasa nani anataka kuwa mtu wa hapa?"

Sikusema mtu ni pale alipolala. Nilisema huhesabiwa. Tofauti ni kubwa. Sikupata namna ya kuieleza mlangoni, yeye akiwa na gunia kichwani.


Alhamisi, 22 Agosti

Wameanza kuondoka. Ni kama Desemba, watu wanapopanda kwao kwa Krismasi: vikapu, mikate, watoto waliovalishwa soksi, vyote viko vile vile. Desemba hupanda kwa furaha. Safari hii wanapanda kama watu wanaowahi kufunga lango.

Godlove alikuja mchana, shati limelowa mgongoni. Alipita gulio zima akiwasihi. Eliufoo alimwambia, "Bwana mtendaji, kituo cha afya ni cha wagonjwa. Mimi nafikiria nikishapona kabisa, nitalazwa wapi." Watu wamekuwa wakikirudia kichekesho hicho siku nzima.

"Kwa mwendo huu," Godlove alisema, "Kirwani itaonekana imepungua tangu themanini na nane. Nitaandika nini wilayani?"

Nikamwambia aandike kilichotokea.

"Kilichotokea ni kwamba mwalimu alifundisha, na darasa zima likafaulu."

Hakusema kwa ubaya. Kisha akaniuliza, taratibu, kama mimi pia nina safari. Nikasema sina.

"Basi nina mtu mmoja wa uhakika. Hata Winfrida nimemwambia: ukifika kwa mwalimu, hapo hutapata longolongo."

Winfrida ndiye karani wa sensa wa mtaa wetu. Anafundisha darasa la tatu. Nilimfundisha chuoni, alikuwa na mwandiko mzuri na woga wa ramani.

Godlove mwenyewe analala hapa. Mkewe amepanda Marangu na watoto.


Jumamosi, 24 Agosti

Lori la mwisho liliondoka saa kumi jioni. Ruth alikuwa juu ya marobota, kitenge kimefungwa kichwani, amebeba kuku. Aliniambia nimwangalizie mlango.

"Nafasi ipo, mwalimu. Panda. Utashuka Kilema, sisi tunaendelea."

Dereva aliacha injini ikinguruma. Watu wakasogea kunipa nafasi. Nilisimama na mikono mitupu, nimevaa kandambili. Ningeweza kwenda hivyo hivyo. Nafikiri walikuwa wema. Nafikiri pia walitaka kuona kama nina pa kupanda.

Nikasema nina kazi. Lori likaondoka.

Kweli nina kazi. Ila nilichosubiri ni ujumbe kutoka kwa Sirili. Ana simu ya mkononi tangu mwaka jana, na gesti ya darajani wana simu, anaijua namba. Nilipita pale mara mbili nikisema nanunua sabuni. Nina sabuni nyingi sasa.

Soko ni tupu. Mbwa wamelala katikati ya barabara, mahali ambapo hawajawahi kulala.


Jumapili, 25 Agosti

Siku ya sensa. Nimelala Kirwani. Naandika hivyo kwa kumbukumbu.

Hakuna moshi jikoni kwa mtu yeyote mtaani. Gesti zimejaa: madereva kutoka ng'ambo waliozuiwa na forodha tangu Ijumaa, wanunuzi wa mahindi, mzungu mmoja mwenye baiskeli. Hao wote, kwa fasili, ni watu wa Kirwani. Nimewaona wakipiga mswaki kando ya barabara, na Winfrida akipita kati yao na mkoba wake mpya, akiwauliza majina ya wakuu wa kaya zao.

Kwa hiyo sura yangu itakuwa sahihi, na itauhusu mji ambao haupo.

Kengele ya kigango, kanisa letu dogo, haikupigwa. Mpigaji kengele naye amepanda.


Jumatatu, 26 Agosti

Sirili amekuja.

Kwa miaka minne hajawahi kukanyaga nyumba hii. Aliuliza njia kwa madereva. Nilimkuta amesimama uani, mkungu wa ndizi begani, na juu ya mkungu limefungwa jani la isale.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mama anaumwa?"

"Mama mzima. Anakusalimu."

Nililiona jani kabla ya kumwona uso. Asiyetoka kwetu ataona jani la kijani, refu, la kawaida. Ndilo linalopandwa mipakani na makaburini. Lakini mtu akikubebea isale, anakuomba yaishe, na anayeletewa hakatai. Hajakataa mtu tangu zamani za mababu. Nimelieleza hili darasani mara nyingi chini ya mada ya desturi na mazingira. Hakuna aliyewahi kuniletea.

Nikampa kiti. Alikunywa maji, akaangalia bati, akasifu bati. Ndipo akasema.

Karani wa kule alifika jana baada ya misa. Ni binti wa katekista. Alimwandika Sirili mkuu wa kaya, akamwandika Gladys, watoto, Mama. Alipotaka kufunga, Mama akasema kutoka kitini, "Na Theodora."

Karani akauliza, huyo Theodora yuko wapi.

"Ametoka. Amelala chumba cha nyuma. Nenda kaone kitanda."

"Nikaenda naye," alisema Sirili. "Kitanda kimetandikwa, dada. Na shuka lile jeupe. Jumamosi Mama alimwambia Gladys atoe magunia. Mimi nilikuwa zizini, sikujua. Nilipouliza, akaniambia, mwenye kitanda anakuja."

Akaweka glasi ya maji sakafuni.

"Karani akaniangalia mimi. Mkuu wa kaya ni mimi. Akasema, Baba, huyu ni nani kwako?"

"Ukasema nini?"

"Nikasema, dada yangu. Akaandika."

Nikauliza umri wameandika ngapi. Sijui kwa nini nilianza na hilo. Alisema Mama alitaja mwaka wa nzige, karani akakadiria hamsini na tano.

"Nina hamsini na nane."

"Najua."

Lori lilipita, vikombe vikatikisika. Kisha nikamwuliza lile ambalo lilistahili kuulizwa kwanza: isale hili ni lake au la Mama?

"Ni la nyumba," alisema.

Aliposimama kuondoka aligusa fremu ya mlango, kama fundi. "Magunia hayatarudi mle chumbani. Na ile nyuma ya zizi nimeanza kufyeka. Udongo wake si mbaya, utaona." Alifika uani, akageuka. "Ila dada, na huku wanakuja kukuuliza. Ukiwaambia ulilala hapa, jina lako litaonekana pawili. Watarudi kwa Mama. Binti wa katekista atamwambia mbele ya watu kwamba amedanganya Serikali. Mama yule. Na mimi nilikuwa nimesimama pale."

Nilimsindikiza hadi darajani. Njiani alisalimia kila tuliyekutana naye na kuwaambia, bila kuulizwa, "Huyu ni dada yangu."


Jumanne, 27 Agosti

Watu wanarudi. Bucha imefunguliwa. Eliufoo aliniita kutoka mlangoni: "Mwalimu, umehesabiwa mtoni kweli? Pole. Ila sisi tutakupandisha, usijali, tutachanga." Wote walicheka, hata mimi, kidogo.

Asubuhi nilijaribu kulipanga kama hoja.

Nikisema nililala hapa: ni kweli. Mtu mmoja atakuwa amehesabiwa mara mbili, isipokuwa nikitoa taarifa kule. Nikitoa taarifa, namfuta Theodora wa Kilema, naye ndiye pekee aliyewahi kuandikwa kwenye nyumba ile, kwa kinywa cha Sirili.

Nikisema nililala Kilema: hesabu itakuwa sawa. Mwili mmoja, mahali pamoja. Ila mahali hapo patakuwa si pake, na Godlove atapoteza mtu wake wa uhakika. Mtu mmoja hatajenga wala kubomoa kituo cha afya. Lakini kila mmoja aliyepanda lile lori alisema hivyo hivyo.

Nikinyamaza: sijui kunyamaza kunaandikwaje kwenye dodoso.

Godlove alipita saa nne. Hakusema kitu kuhusu sensa. Alileta betri za redio, akasema aliona sizipati dukani. Ningependelea angesema kitu.

Saa tano Winfrida alibisha hodi. Shikamoo mwalimu, marahaba, karibu. Aliketi, akafungua mkoba, akachonga penseli ambayo tayari ilikuwa imechongwa. Akasoma kama ilivyoandikwa, bila kuinua macho, kama nilivyowafundisha:

"Nani na nani walilala katika kaya hii usiku wa kuamkia Jumapili?"

Dirishani, ndani ya glasi, lilikuwa jani la isale. Nililiweka kwenye maji jana bila kufikiri. Aliliona. Yeye ni wa Kibosho, mlimani kama sisi. Alielewa, akarudisha macho kwenye karatasi upesi.

Nikamwomba aanze kwa Ruth, kisha arudi. "Sawa, mwalimu," alisema. Kwa sauti ile ninayoijua — sauti ya mwanafunzi ambaye ameona mwalimu amesahau.

Naandika haya nikimsikia ng'ambo ya ukuta, kwa Ruth.

"Mama Ruth, usiku wa kuamkia Jumapili mlilala wangapi hapa?"

"Hakuna. Andika hakuna. Nililala kwetu, na kuku."

"Kuku hahesabiwi, mama."

"Basi niandike mimi peke yangu. Huko, si hapa. Kwa mwalimu umeshapita?"

"Narudi sasa hivi."

"Yeye ndiye alilala hapa. Nilimwachia mlango."

Kiti kinasogezwa. Ndala zinapita uani kwangu.

Kosa la kuhesabu nalijua: ni mtu mmoja kuonekana mahali pawili. Lakini mtu ambaye kitanda chake kimetandikwa kwa shuka jeupe, mama yake akaketi akisikiliza hatua zake mpaka usiku ukapita — usiku ule, kwa fasili ipi, alilala wapi?

Anabisha hodi.